Kalamu Inapoinuliwa

Mtu akipoa katika ibada, kimepoa nini: imani yake au mwili wake? Swali hili hunijia barazani kwa sura nyingi. Hapa Kabambare, kusini mwa Maniema, mwalimu wa madrasa hutafutwa kwa mambo ya nyumbani kabla watu hawajafika kwa chifu au tribinali, na mengi ya mambo hayo ni mashtaka juu ya nyoyo za wengine. Fulani ni mvivu. Fulani hamwogopi tena Mungu. Kila mara mshtaki huleta ushahidi wa mwili: haamki, haongei, analala mchana kutwa. Kisha, kwa ushahidi huo wa mwili, hutaka nihukumu roho.

Nataka kulijibu swali hili kwa kufuata kiungo kimoja kidogo, tezi ya shingo. Mashariki ya Kongo imesumbuliwa na tezi hii kwa vizazi, na sijui kiungo kingine kinachotulazimisha hivi kuuliza dhambi inaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi.

Mfanyabiashara mmoja wa mchele na mawese, anayekwenda na kurudi kati ya hapa na Kasongo, alikuja kuniomba nimwandikie talaka. "Mwalimu," alisema, "bibi yangu si yule niliyemuoa. Alfajiri haamki. Mtoto analia, yeye anatazama tu. Ramadhani imepita kama hakuijua. Moyo wake umekufa." Nilimuuliza mambo yalianza lini. Akasema yalianza baada ya mkewe kupasuliwa shingo. Mwanamke huyo alikuwa na rovu tangu usichana, likakua hadi likambana pumzi. Mume aliuza mbuzi na baiskeli yake ya kazi, akampeleka hospitali ya mbali, na rovu likatolewa. Walirudi kwa furaha, shingo imelala na pumzi imefunguka. Hakuna aliyewaeleza kuwa tezi yote ikitolewa, mtu anahitaji kidonge kila siku maisha yake yote. Au kama walielezwa, walielezwa kwa Kifaransa, mlangoni, siku ya kuondoka.

Mtaani kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema kisu kimeondoka na kitu ambacho Mungu hakuruhusu kiondolewe. Mdogo wangu ni muuguzi katika kituo cha afya, nikamwomba amwone mama huyo kabla sijashika karatasi. Alimkuta amejitanda vitenge viwili saa sita mchana, uso umevimba, ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito na ya kukwaruza. Alimpigisha magoti juu ya kiti, akamgonga mshipa wa nyuma ya kisigino. Mguu ulishtuka, kisha ukarudi polepole mno, hata mimi nisiye mganga niliona. Mdogo wangu akanivuta pembeni. "Yaya, huyu hana la kutubu. Mwili wake umekosa kinachouendesha."

Vidonge vilipatikana Bukavu, vikaja kwa mikono ya wasafiri. Majuma yakapita. Kwanza baridi ilimtoka, kisha sauti ikarudi, na hatimaye akaanza kuamka alfajiri bila kuitwa. Talaka haikuandikwa. Lakini swali lilibaki kwangu, zito kuliko awali. Ikiwa kidonge kimoja kimemrudisha kwenye sala, sala ile ni ya nani?

Tezi ya shingo ya mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Huchuja iodini kutoka katika damu, ile ambayo Tanzania huiita madini joto, na kuitumia kutengeneza homoni iitwayo thairoksini. Homoni hiyo ndiyo inayopanga mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, ngozi iwe na joto kiasi gani, wazo lije upesi au lichelewe. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Iodini yote anayohitaji mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa haijazi kijiko cha chai. Alfajiri zote za umri wake, hasira zake na subira yake, zimepitia humo.

Wanadamu walilijua jambo hili kwa machungu. Katika mji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambayo zamani ilijaa marovu, daktari Theodor Kocher alikuwa bingwa wa kupasua shingo. Alifanya kazi taratibu, akizuia damu isipotee, na wagonjwa waliokuwa wakifa mikononi mwa wengine walipona mikononi mwake. Kisha akasikia habari za msichana aliyempasua mwaka 1874. Mdogo wa msichana huyo, aliyefanana naye kabisa, alikuwa amekua mtu mzima, huku yule aliyepasuliwa amebaki na kimo cha mtoto, uso umevimba na akili imefifia. Kocher aliwaita wagonjwa wake wa miaka iliyopita. Kati ya 18 waliotolewa tezi yote na wakarudi kuchunguzwa, 16 walikuwa wameharibika hivyo hivyo. Mwaka 1883 alisimama mbele ya wapasuaji wenzake mjini Berlin na kueleza aliyoyaona. Tangu hapo aliacha kutoa tezi yote kwa ajili ya rovu la kawaida.

Kocher alikuwa Mkristo mcha Mungu wa kanisa la Moravian. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii. Mimi humheshimu zaidi kwa kule kuwaita wagonjwa wake warudi. Angeweza kuhesabu makovu yaliyopona vizuri na kumshukuru Mungu. Alichagua kuuliza mtu aliyeondoka na kovu zuri aliishije baadaye.

Kuna jambo la ajabu zaidi katika historia hiyo. Mpasuaji mkubwa mwingine wa wakati ule, Theodor Billroth wa Vienna, hakuona sana wagonjwa waliopoa akili. Wake walipatwa na mikakamao: vidole vinachonyota, midomo inacheza, mikono inajikunja yenyewe. Mmarekani William Halsted, aliyewafahamu wote wawili, alieleza tofauti hiyo. Billroth alipasua haraka, akaacha vipande vya tezi, lakini aliondoka na vitu vingine vilivyokaa nyuma yake. Kocher alipasua kwa usafi mkubwa, akavibakiza vitu hivyo, lakini hakubakiza tezi yenyewe. Vitu hivyo ni tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, ambazo Ivar Sandström, akiwa mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden, alizieleza kwa watu mwaka 1880. Kazi ya tezi hizo ni kulinda kalisi katika damu. Kalisi ikishuka, misuli na mishipa ya fahamu hukosa utulivu.

Sasa fikirini mtu wa mtaa wetu ambaye mikono inamjikunja na mdomo unamcheza usiku baada ya upasuaji. Atasomewa dua ya kutoa majini kabla hajapewa kalisi. Sipingi dua, nami huisoma. Nasema tu kwamba dua na kalisi havigombani, na anayechelewesha kimoja kwa ajili ya kingine amemdhulumu mgonjwa. Pembeni ya tezi hizo hupita pia mshipa mwembamba wa sauti. Ukikatwa, mwadhini hawezi tena kuadhini. Basi katika nafasi ya vidole vitatu chini ya koo zimekaa sauti ya mtu, utulivu wa mikono yake na wepesi wa akili yake, vyote vikingoja ustadi wa mwenye kisu.

Fikihi tunayosoma Kabambare, ya madhehebu ya Imamu Shafi kama ndugu zetu wa pwani, inafundisha kuwa kalamu inayoandika matendo haimwandikii aliyelala, wala mtoto mdogo, wala aliyepotewa na akili. Nimelifundisha somo hili kwa watoto, nao hulielewa upesi kwa sababu mifano iko wazi. Mama yule hakuwa katika watu hao. Hakulala wala hakuwa na wazimu. Alijua leo ni Ijumaa. Ukimuuliza nguzo za Uislamu angezitaja zote, polepole. Lakini kati ya kujua kwake na kuinuka kwake palikuwa na umbali ambao mtu mzima wa afya hawezi kuukadiria.

Hapo ndipo tezi ilipopanua fikra zangu. Akili haiondoki mara moja. Hupungua kidogo kidogo, na nguvu ya kutaka hupungua nayo, na mwenyewe huwa wa mwisho kutambua. Kwa hiyo siamini kwamba kalamu ina hali mbili tu, kuandika na kuinuliwa. Naamini Mwenye kalamu humwandikia kila mtu kwa kipimo cha alichopewa. Rakaa mbili za mtu ambaye kila kiungo kinamwambia alale huenda zikawa nzito kuliko usiku mzima wa mtu mwingine. Kipimo hicho hatukupewa sisi. Hatuna basi haki ya kutoa hukumu inayokihitaji.

Jambo hili halihusu makosa peke yake. Linagusa sifa pia. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, ugonjwa ambao Robert Graves wa Ireland alieleza mwaka 1835, mtu hukosa usingizi, moyo humwenda mbio, hukonda ingawa anakula, na pengine macho humtoka. Nimemjua mzee mmoja aliyesifiwa kwa kukesha akivuta uradi, mpaka siku alipoanguka kwa moyo. Alitibiwa, akaanza kulala kama watu wengine, na baadhi ya wanafunzi wake wakanong'ona kuwa baraka imemtoka. Nililikataa neno hilo. Ugonjwa ulimfanya awe macho. Kuzitumia saa hizo kumtaja Mungu ulikuwa uchaguzi wake, kwa maana wako wengi wasiolala wanaozitumia saa hizo kwa ugomvi. Mwili humletea mtu mali ghafi, na nia ndiyo inayoamua itafanyiwa nini. Ndiyo maana sala ya yule mama baada ya kidonge ni yake. Kidonge kilimrudishia uwezo wa kuinuka, na yeye ndiye aliyeinuka.

Najua wasomaji watakaoogopa kuwa nafungua mlango wa kila mkosaji kusema, "Si mimi, ni tezi." Mlango huo haufunguki, kwa sababu hoja hii inaongeza wajibu badala ya kuupunguza. Mtu akipunguziwa nguvu, wajibu aliokuwa ameubeba haupotei hewani. Unahamia kwa walio karibu naye wenye nguvu. Kalamu ikiinuliwa juu ya mgonjwa, inashuka kuandika juu yetu: nani alimwona, nani aliuliza, nani alitafuta dawa, nani alikimbilia kuhukumu. Huu ndio msingi ninaotaka kuusimamisha, na ushahidi wake mkubwa hauko katika nyumba ya mfanyabiashara wa mchele. Uko katika kisiwa cha Idjwi.

Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi kutoka kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu, akiwemo daktari Mbelgiji François Delange, walikuta huko marovu mengi mno, pamoja na watoto waliozaliwa wafupi, wazito wa akili, wengine mabubu. Iodini ilikuwa haba kisiwani kote. Hata hivyo, kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na marovu, na kusini-magharibi wachache tu. Watu ni wale wale, ziwa ni lile lile. Kama ingekuwa adhabu kwa dhambi, ni dhambi gani inayofuata mipaka ya mashamba? Delange na mwenzake Ermans walionyesha kuwa muhogo uliolimwa kaskazini ulizuia tezi isichukue hata ile iodini kidogo iliyokuwapo. Sumu ya muhogo mchungu, isipotolewa, mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoshindana na iodini mlangoni mwa tezi.

Sisi wa Maniema tunaujua muhogo. Mama zetu waliuloweka kwa siku kadhaa, wakauanika, wakautwanga, na katika kuloweka huko sumu iliondoka na maji. Lakini watu wanaokimbia bunduki hawana siku za kuloweka. Njaa hula muhogo kabla haujawa salama. Na mama mjamzito akikosa iodini, mtoto aliye tumboni huumia mapema, kwa sababu katika miezi ya kwanza hutegemea homoni ya mama yake mpaka tezi yake mwenyewe ianze kazi. Kinachopotea hapo hakirudi kwa kidonge cha baadaye. Mtoto atazaliwa na kalamu iliyoinuliwa, naye hatakuwa na la kujibu. Tutakaojibu ni sisi.

Nimesikia watu wema wakisema mbele ya mtoto kama huyo, "Ni kudra ya Mungu," kisha wakaenda zao wakiwa wametulia. Mimi pia naiamini kudra. Lakini kudra hupita katika njia, na njia hii imeshajulikana: udongo, muhogo, chumvi. Mungu aliyekadiria ugonjwa ndiye aliyekadiria iodini baharini, na akawapa watu akili ya kuitia katika chumvi. Kuanzia miaka ya 1990 chumvi yenye iodini ilienea Kongo, na marovu yakapungua sana. Watoto waliozaliwa na akili timamu kwa sababu hiyo nao ni kudra. Anayeitaja kudra kwa msiba peke yake ameisoma nusu.

Chumvi si ngeni katika njia yetu. Visima vya chumvi vya Uvinza, upande wa Kigoma, vilifanyiwa kazi kwa karne nyingi kabla ya misafara, na chumvi yake ilifika pande zote za Ziwa Tanganyika. Kabambare yenyewe ilikua kwa kuwa kituo cha njia iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa na kufika Kasongo na Nyangwe. Katika njia hiyo zilipita pembe na watumwa, na dini yetu ilipita humo humo. Leo chumvi huja kwa pikipiki na baiskeli, na ikifika sokoni hukaa katika gunia lililo wazi, kwenye jua na unyevu, mpaka iodini inapungua. Mama anainunua kwa kopo bila kujua kama kilichobaki ndani yake kinaifaa mimba yake. Kipimo chake ni tone la dawa: chumvi yenye iodini hugeuka rangi ya buluu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya kazi hiyo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu udaktari katika faradhi kifaya, yaani wajibu ambao wakiutimiza baadhi, wote wamesalimika, na usipotimizwa na yeyote, mji mzima una dhambi. Katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini alilalamika kuwa iko miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja, huku watu wakisongamana kusoma fikihi na mabishano yake, kwa kuwa humo mna vyeo na mali. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900. Nikiyapima na hali ya kusini mwa Maniema, naona yananiita mimi na wenzangu wa misikiti, na wachungaji na mapadri wa makanisa ya jirani pia. Tuna vijana wanaohifadhi juzuu nyingi na vijana wanaoimba kwaya kwa ustadi. Ni wangapi kati yao tumewachangia ada ili wasomee upasuaji, wakarudi?

Basi natoa mapendekezo matatu, na ninayatoa kama mambo ya dini. La kwanza, kila msikiti na kila parokia iwe na kipimo cha chumvi, na wauza chumvi waelezwe kwa upole kuifunika na kuiweka kivulini, kwa maana anayelinda chumvi analinda akili za watoto ambao hajawaona. La pili, mtu aliyepasuliwa shingo asirudi mtaani bila mtu wa kumfuata. Kamati ya msikiti au parokia ijue kama tezi ilitolewa yote, kama ana vidonge, na kama vidole vinamchonyota. Wanaouliza kama kidonge hicho ni halali wajue kuwa thairoksini iliundwa kwa njia ya kikemia tangu mwaka 1927, na vidonge vinavyotumika sana leo havitokani na nguruwe. Wanaofunga wanaweza kukimeza usiku, nusu saa au zaidi kabla ya daku, bila kuharibu swaumu.

La tatu linahusu zaka. Mafukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa katika wanaostahili zaka, na mgonjwa asiyeweza kununua dawa ya kila siku ni mmoja wao bila shaka. Zaka ya mpunga peke yake, katika mwaka wa mavuno mema, inaweza kuwanunulia vidonge wote wa eneo letu waliopasuliwa. Wazee wakikubali, hesabu hiyo isomwe hadharani pamoja na hesabu nyingine za msikiti, ili ijulikane kuwa ibada ya mgonjwa yule ina wadhamini. Na atakayekuja barazani na mashtaka juu ya imani ya mtu, aulizwe kwanza amemfanyia nini mtu huyo. Kabla ya jibu hilo mimi sitaandika kitu.